Kikombe cha Mama Dirishani

Mdogo wangu mpendwa, Msimamizi wetu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na huyo unayemtunza tumboni. Miguu bado inavimba? Na Shemeji anakusaidia kuokota vitu vya chini, au amekuwa bwana mkubwa wa kusoma magazeti? Msalimie sana. Mimi ni mzima wa kutembea. Mama anaamka, anafagia, anakula kidogo. Habari za Kaka Mkubwa nitakupa kwa mpangilio wake, maana nikianzia mwisho kalamu itanishinda. Naomba ukae chini kwanza, na Shemeji akae karibu yako.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ninayo. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, nayo siku hizi imechoka kusema uongo. Tena Mama huwa karibu.

Unakumbuka Kaka alivyokuwa akisukuma randa, maranda yanaruka hadi kwenye chai yako, nawe kitoto kidogo umekaa juu ya benchi unamwamrisha apige msasa upya. Ndipo alipokuita Msimamizi. Basi mwaka huu randa ilianza kumshinda. Anasukuma kidogo, anasimama, anashika mbavu za kulia. Shati likampwaya mabegani huku suruali ikikataa kufunga kifungo. Macho yakawa ya manjano, akasema ni vumbi la vanishi. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Tumbo lilipozidi, akawa analipima kwa futi yake kila asubuhi, akisema atajifungua kabla yako na mwanao atalazimika kumwamkia wa kwake. Mteja mmoja alicheka hadi akasahau kulalamikia kabati lake. Mama hakucheka. Ndiye aliyemkokota hospitali.

Huko walimpaka mafuta baridi tumboni wakapitisha kile chombo cha kutazamia ndani, wakamtoa damu, kisha wakamchoma sindano ndefu kunyonya maji yaliyojaa tumboni. Akapata nafuu, akaanza kuuliza habari za karakana. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akatuita chumbani kwake. Alisema ni saratani ya ini, na imeshasambaa kiasi kwamba upasuaji hautafaa kitu. Tukauliza imetoka wapi. Akaeleza kwamba kuna kirusi cha homa ya ini kinachoweza kukaa mwilini miaka mingi bila mtu kuhisi chochote, kinaliumiza ini polepole mpaka linajaa makovu, na kwenye ini la namna hiyo ndipo uvimbe huota. Kaka akasema, kikulacho ki nguoni mwako. Daktari akamjibu kuwa hiki kilipita nguo zamani.

Majirani nao hawakumngoja daktari. Fundi vyuma wa mlango wa pili akaeneza kwamba ini limeisha kwa pombe. Kaka! Mtu ambaye hakuwahi hata kulamba kizibo! Nilimwendea na nyundo mkononi, na ni Kaka mwenyewe, amekaa juu ya gogo hana nguvu, aliyenirudisha. Alisema midomo ya watu haipigwi misumari.

Daktari akataka sote tupimwe. Mama anacho kirusi. Mimi ninacho. Mama hakijamuumiza hata siku moja. Daktari akaeleza kwa upole kwamba mara nyingi mtoto hukipata wakati wa kuzaliwa, kutoka kwa damu ya mama yake, na kwamba enzi zile Mama hakupimwa wala sisi hatukuchanjwa, kwa hiyo si kosa la mtu. Mama akauliza jambo moja tu, kama basi ni yeye aliyempa. Daktari akarudia kuwa si kosa la mtu, lakini nadhani swali lile ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Kesho yake nikakuta Mama ametenga kikombe chake dirishani, pamoja na sahani na kijiko. Sasa anakula peke yake jikoni, ameupa mlango mgongo. Binti yangu akimkimbilia, anamzuia kwa kiwiko, na mtoto mwenyewe kashapimwa, hana, na kachanjwa. Tumemweleza, mimi na daktari, kwamba hakipiti kwa kikombe, wala kwa kula pamoja, wala kwa kukumbatiana. Siku moja nikanywa chai katika kikombe chake mbele ya macho yake. Akaninyang'anya, akakisugua kwa majivu mpaka ua lililochorwa likafutika. Nikamwambia, Mama, mimi tayari ninacho, utaniambukiza nini tena? Nilidhani atacheka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mdogo wangu. Alilia mpaka nikajuta kufungua mdomo.

Mimi usinililie. Ini langu bado zima, nameza kidonge kila siku na narudi kutazamwa kila wanaponiita. Kaka hakupata bahati ya kujua mapema.

Sasa nisikilize. Nenda kliniki kesho, waambie wakupime homa ya ini aina ya B. Ukikutwa na kirusi, wanavyo vidonge vya kukipunguza kabla hujajifungua, na mtoto atachomwa sindano zake siku ileile anayozaliwa, kisha amalizie chanjo zinazofuata. Hata usipokutwa nacho, achanjwe. Hili ndilo lililonifanya nivunje neno la Mama.

Maana Mama alituapisha tusikuambie mpaka ujifungue. Kila ulipopiga simu nilisema Kaka amelala, Kaka yuko bafuni, Kaka ametoka kuota jua. Mdogo wangu, Kaka hayupo. Tumeshamzika. Siku ile uliponiuliza ni kelele gani hiyo, nikakujibu ni kabati la mteja, nilikuwa napiga msasa jeneza la Kaka. Walimpa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akaondoka taratibu. Mama alikuwa amemshika mguu juu ya blanketi. Hakuthubutu kumshika mkono.

Nisamehe. Lia, lakini kesho nenda kliniki.

Ukishajifungua na kupata nguvu, mlete mtoto. Usimuulize Mama kama atambeba, maana atakataa. Mweke tu mapajani mwake, umwambie huyu amechanjwa. Mikono yake ikishajaa mtoto, mimi nitakitoa kile kikombe dirishani nikirudishe kabatini pamoja na vyetu.

Msalimie tena Shemeji, na asikuache peke yako siku hizi. Ukipiga simu, nitapokea mimi, na nitakujibu kila utakaloniuliza.

Ni mimi kaka yako wa kati, ambaye sasa nimekuwa mkubwa bila kupenda.