Kelele za Barafu

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Jumanne tulipoteza vipima mtetemo arobaini huko Aktiki. Barafu ilipasuka ikavimeza. Mimi niko Guangzhou, shati limenata mgongoni kwa joto, nachambua mitetemo inayoonyesha mafuta yalipo chini ya bahari ile. Mipasuko ya barafu huonekana kwenye skrini kama mistari iliyovurugika. Nilimwambia laoban, bosi wangu, tukinywa uji wa mchele, naye akajibu:

"Hizo kelele tu. Zifute, mteja anataka mafuta."

"Juu ya kelele hizo wamesimama watu."

"Kunywa, uji unapoa."

Nikazifuta, ndiyo kazi. Lakini nilizihesabu kwanza: wiki hii ni mara tatu ya wiki jana. Na mdogo wetu Hamisi anaomba kibarua cha kutandaza vipima hivyo, wala hamkuniuliza mimi niliyejisomesha hadi nikayajua haya. Simu zangu hupokei, basi kadi hii anakuletea Mama Zawadi, mnunuzi wa midoli, anayeruka kesho kurudi huko.

Naogopa, dada. Mkumbatie mama, mwambie nakula vizuri. Nawe nijibu kabla ya Ijumaa adhuhuri: Hamisi ametia saini mkataba wa kibarua hicho, ndiyo au hapana?

Nduguyo, Salimu