Kiti cha Trekta

Jumamosi, 3 Mei

Mtaa mzima unanguruma leo. Jumamosi ya kwanza yenye jua, kila mtu juu ya katrekta kake anakata majani. Kasoro sisi. Jirani yetu Delbert kamaliza kwake, kisha kavuka mpaka wa kiwanja akakata mstari mmoja upande wetu. Kwa wema tu. Verlyn wangu alikuwa dirishani na blanketi lake, kaona. Kanuna mpaka chakula cha jioni. Anasema hapa Wisconsin jirani akishakukatia majani bila kuombwa, kinachofuata ni maua ya kaburini. Nikamwambia, mume wangu, umetoka hospitali juzi tu, hebu tulia. Wapi. Jumatatu atakata mwenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Daktari kasema kazi nyepesi ruksa. Haya. Nilisimama kibarazani. Verlyn kakaa, kakanyaga breki, kazungusha ufunguo — injini ikawaka mara moja. Kasukuma wenzo wa mwendo kutoka picha ya kobe hadi picha ya sungura. Vizuri. Kavuta kitufe cha njano cha kuzungushia visu vya kukatia majani — kimya. Injini imezimika. Mara ya pili, vilevile. Betri hiyo, kasema. Baada ya betri ikawa plagi. Baada ya plagi ikawa mimi, eti nasimama vibaya namtia mkosi. Miaka yote ya ndoa yetu, hilo jipya.

Jumatano, 7 Mei

Delbert kaja na spana zake. Kakaa kitini na lile tumbo lote, kavuta kitufe. Visu vikazunguka. Kashuka, kapanda Verlyn. Zii. Delbert akamtania: "Mzee, trekta lako limekuchoka." Verlyn hakucheka. Akaingia ndani kumeza dawa.

Delbert akabonyeza kiti kwa kiganja, akanionyesha swichi iliyo chini yake. Kiti kisipohisi uzito wa mtu, ukivuta kitufe cha visu injini inajizima. Ndiyo usalama wake. Akanitazama. Nikaelewa kabla hajasema. Suruali za Verlyn siku hizi zinashikwa na mkanda kiunoni na kanda mbili mabegani.

"Shemeji, naweza kuunganisha waya hapa sasa hivi. Litakata. Ila akianguka, nalo litaendelea kukata."

Nikamwambia ngoja kwanza.

Alhamisi, 8 Mei

Sijalala vizuri. Waya ukiunganishwa, yeye na furaha yake, mimi roho mkononi kila Jumamosi. Usipounganishwa, atadhani trekta limekufa, ataliuza, atarudi dirishani. Namjua. Akishakaa pale safari hii, hainuki tena. Hilo naliogopa kuliko visu.

Nikamwambia asubuhi kwenye kahawa, bila kuzungukazunguka. Trekta ni zima, Verlyn. Ni wewe umepungua. Kiti hakikuhisi.

Akakoroga kahawa isiyo na sukari. Akakoroga weee. Kisha: "Yaani hata kiti?"

Nililia. Yeye hakulia. Akauliza kama pai ya jana imebaki. Kala vipande viwili, na kimoja hakikukaa tumboni.

Jumamosi, 10 Mei

Jua kali, na mume wangu kavaa nguo za kuwindia kulungu! Lile koti zito la rangi ya machungwa, viatu vya theluji, suruali juu ya suruali. Mifukoni spana zote za ghalani, na nyundo. Anatembea kama friji. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Akasema, cheka tu, mama, ila mimi na haya mavyuma tukianguka tunaanguka wote, kiti kinabaki kitupu, visu vinasimama. Akili yake haijapungua hata gramu.

Kapanda kwa shida. Sikumshika, alinikataza kwa macho. Breki, ufunguo, sungura. Kitufe — visu vikashika. Kwenye tuta la kwanza injini ikakohoa, akajibana kitini, ikaendelea. Delbert kazima la kwake kule, anajifanya anafuta usukani.

Sasa kaingia nyuma ya nyumba, kwenye mteremko. Hapa jikoni simwoni. Kanikataza kutoka, nami nimeahidi. Naandika ili mikono iwe na kazi. Injini inanguruma, maana yake bado amekaa. Inanguruma. Sauti imeshuka kidogo, nadhani anakata kona. Imekohoa — nimesimama, kalamu mkononi. Inanguruma.