Yaya, Jojo Wako Anakula

Yaya wangu Georgette, dada yangu mkubwa,

Nianze na habari yenyewe, maana hukuwapenda watu wa kuzunguka kabla ya kusema: mtoto wako anakula. Anakula bukari ya unga wa mahindi, anakula sombe ya majani ya muhogo, anakula maharage na samaki wadogo wakavu, na akishiba anaisukuma sahani kwa mkono wa kushoto na kwenda zake bila kumuaga mtu. Nimekaa mlangoni mwa jiko, hapa hapa mtaani Shituru, jua la mchana linaniwaka miguuni. Yeye na Elie wangu wamelala kwenye mkeka mmoja, miguu ya huyu juu ya tumbo la yule. Nimepata nafasi, na nataka kukusimulia tulivyofika hapa, kwa sababu jambo hili tulilianza wewe na mimi.

Unamkumbuka Elie alivyokuwa na miezi mitatu? Alilia kila jioni, nami nilichoka hata nikawa naogopa jua kushuka. Wewe tumbo lako lilikuwa kubwa, lakini ulivuka reli kila siku kuja kwangu, ukakaa kwenye kiti cha plastiki na kupandisha miguu juu ya ndoo. Siku moja jirani, mama Chantal, akaja na kikombe cha uji mwepesi.

"Mupatie kiloko, kidogo tu," akasema. "Mutoto analia njala."

Nikanyoosha mkono kukipokea. Ukaniwahi. Ulikichukua kikombe, ukamshukuru kwa heshima yote, kisha ukanywa uji wote mpaka mwisho na kujifuta mdomo.

"Aksanti sana, mama Chantal. Huyu wa mu tumbo yangu alikuwa na njala kupita Elie."

Mama Chantal mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoondoka ukaacha kucheka, ukanitazama. "Mudogo wangu, tungoje. Mutoto mwenyewe atatuonyesha siku yake." Wiki ile tukaenda pamoja kwenye kituo cha afya kumpima uzito, na muuguzi akatueleza vizuri: ziwa peke yake mpaka karibu na miezi sita, halafu tuangalie kama mtoto anashika kichwa sawasawa, kama anaweza kukaa akiegemezwa, kama anafuata chakula kwa macho na mikono, kama ulimi hausukumi tena nje kila kinachoingia. Njia nzima ya kurudi ulikuwa unarudia maneno yale, ukisema na wako utamlea hivyo hivyo.

Siku ya kujifungua kwako sina haja ya kukusimulia. Damu haikukubali kusimama, na madaktari walifanya walichoweza. Ninachotaka ujue ni kilichofuata. Walinipa mtoto amefungwa kitenge chako cha kijani, mdogo kama mkate, na wakanipima damu kwanza kuona kama naweza kumnyonyesha bila hatari. Majibu yakawa mazuri. Nikakaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, nikampa ziwa la Elie. Alilishika mara moja. Nililia, lakini yeye hakujali, aliendelea kunyonya. Tukampa jina lako, tukamwita Jojo kwa sababu jina zima lilikuwa bado zito kwetu.

Shemeji Floribert, mume wako, alirudi Kambove kwenye machimbo, maana kazi yake iko huko. Elie alipofika miezi sita nikamwanzishia uji, na hapo nikapumua, kwa sababu mchana Jojo akawa wa kwanza kwenye ziwa. Alikua, lakini taratibu. Alibaki mwembamba, shingo kama uzi, na watu waliomwona walinyamaza kidogo kabla ya kusema ni mzuri.

Alipofika miezi minne, Kaku akaja. Namaanisha mama yake Floribert, mama mkwe wako. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wa unga wa mahindi kichwani, Floribert nyuma yake amebeba kuku. Tuliwapa maji, tukawapa viti. Kaku akamchukua Jojo, akampima kwa mikono, akamgeuza, akamrudisha mapajani mwangu.

"Familia ilikaa, ikaamua," akasema. "Mutoto ni wa Floribert. Tulikuya kumubeba."

"Kaku, kule Kambove nani atamunyonyesha?"

"Atakula uji. Unga njo hii nimeleta. Batoto yangu yote balianza na myezi tatu, na leo bako bazima, banachimba mawe. Huyu anakonda. Weye unangojea nini?"

Nilimtazama Floribert. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mume wangu akasema, "Kaku, mupumuzike kwanza, mumetoka mbali," lakini Kaku hakuwa amekuja kupumzika.

Yaya, nilielewa pale pale mambo yalivyofungamana. Uji ukianza leo, kesho mtoto yuko Kambove. Nikajiuliza: namkatalia uji kwa ajili ya tumbo lake, au kwa ajili yangu, nisibaki mikono mitupu kwa mara ya pili? Nikaona njia ya kweli ni moja tu, kumweka Kaku karibu ili aone ninachoona, na mimi nione anachoona yeye.

"Kaku, mubakie hapa kwetu," nikamwambia. "Mulale na yeye, mumuogeshe, muende naye kwa muuguzi. Siku mutoto ataonyesha kama anataka kula, uji ya kwanza mutapika nyinyi, haiko minye."

"Na kama anazidi kukonda?"

"Mutamubeba. Sitafunga mulango."

Mume wangu alinigeukia haraka. Kaku akavua kitambaa cha kichwa na kukiweka juu ya mfuko wake. Ndivyo nilivyojua kwamba anabaki.

Jumatatu tukaenda kituoni. Muuguzi akamweka Jojo kwenye mizani na Kaku akasimama karibu kabisa, kana kwamba mizani inaweza kumdanganya.

"Maman, ni mutoto mudogo, lakini anapanda," muuguzi akasema. "Anapanda kila mwezi. Mumupatie ziwa mara mingi zaidi, na mama mwenye kunyonyesha akule muzuri. Uji ingoje."

Tukarudi hadi kwenye reli. Hapo Kaku akasimama kupisha mabehewa na kusema, "Ule muuguzi iko mutoto bado, lakini anaongea muzuri." Halafu akaniambia neno ambalo liliigeuza nyumba yangu. "Kama ni ziwa tu, basi ziwa ikuye mingi."

Kuanzia siku ile, ule unga wa Kambove ulioletwa kwa ajili ya Jojo niliunywa mimi. Kaku alikoka mbabula ya makaa asubuhi kabla mume wangu hajaenda kazini, akanipikia uji wa karanga, akasimama mbele yangu mpaka kikombe kiishe. Mchana bukari na majani ya lengalenga, na maharage juu yake. Nikisema nimeshiba, ananiambia sili kwa ajili yangu peke yangu. Ungetuona, ungecheka. Aliyekuja kumlisha mtoto alikuwa ananilisha mimi, na mtoto alipata kila kitu kupitia kwangu. Jojo akaanza kujaa mashavu. Nilimwona Kaku akimfunga shanga kiunoni na kuzilegeza tena wiki chache baadaye.

Kisha maji ya bomba yakakatika mtaani kwetu, watu wakachota walikopata, na watoto wakaanza kuhara nyumba kwa nyumba. Elie wangu alikuwa anakula kila kitu wakati ule, naye akaugua. Yaya, sijawahi kuogopa vile. Macho yake yaliingia ndani. Kaku alimbeba kwenda kituoni yeye mwenyewe, mimi nikimfuata na Jojo mgongoni. Walitupa maji ya chumvi na sukari ya kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, na Kaku hakumwachia mtu mwingine kijiko kile mpaka Elie alipoanza kulia kwa nguvu kama kawaida yake. Jojo, ambaye hakuwa ameonja tone la maji ya nje, hakuguswa na lolote.

"Unga yangu nilitaka kuipika na maji ile ile," Kaku akasema, siku Elie aliposimama tena. Alikuwa anaosha vikombe. Akaweka sufuria kubwa ya maji kwenye mbabula, na tangu hapo nyumbani kwetu hakuna anayekunywa maji ambayo hayajachemka, hata wageni.

Ndipo ikaja ile siku. Tulikuwa uani, Kaku kwenye mkeka na Jojo amekaa katikati ya miguu yake, mgongo umenyooka. Kaku alikuwa anakula. Akamega bukari, akachovya, akapeleka mkono mdomoni, na Jojo akafuata ule mkono kwa macho. Tonge la pili, akafuata tena huku mdomo wake ukifunguka na kufungika. Tonge la tatu halikufika. Alilirukia kwa mikono miwili, akalipokonya, na kama nisingewahi kulitoa angelimeza na vidole vya nyanya yake.

Nilishikwa na hofu. "Kaku, bado. Miezi sita haijatimia, bado kidogo."

Kaku alikuwa anacheka mpaka machozi. "Uliniambia mutoto mwenyewe ataonyesha. Sasa ameonyesha, weye unatafuta kalenda?"

Nikakaa chini. Nilisikia sauti yako ndani ya maneno yale, Yaya, na nikaona kwamba safari hii niliyekuwa sitaki kumsikiliza mtoto ni mimi. Kesho yake tulimpeleka kwa muuguzi tena, sote watatu. Akamwangalia anavyokaa, anavyogeuza kichwa, akamgusa midomo kwa kijiko kitupu na Jojo akakifungulia. "Siku kidogo hazimuzuie," akasema. "Iko tayari. Lakini ziwa isikatike."

Tulingoja Jumapili ili Floribert awepo. Kaku aliusaga unga upya, mahindi na soya, akauchekecha mara mbili, akapika ukawa mzito, wa kukaa kwenye kijiko bila kudondoka, akatia karanga zilizosagwa laini. Alioga kwanza. Akavaa kitenge chake cha kanisani. Mume wangu alimshika Jojo mapajani, mimi nikashika bakuli, na Floribert akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Kijiko cha kwanza alikunja uso wote na nusu ikarudi kidevuni. Cha pili alikinyamazia, akafikiri. Cha tatu alikishika mwenyewe, akakivuta, akakiuma kwa fizi na kukataa kukiachia. Kaku akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mama Chantal akaja mbio na unga mikononi, akidhani kuna harusi. Uani kwetu watu wakapiga makofi kwa sababu mtoto amemeza uji, na sikuona aibu hata kidogo. Nilikumbuka lile benchi la ukumbini, na mtoto aliyekuwa mdogo kama mkate. Alikuwa amevuka.

Makofi yalipotulia, Kaku akaweka bakuli chini. "Sasa anakula," akasema.

Nilikuwa nimetoa neno langu, na nilikuwa tayari kulishika. Nikaanza kutafuta kwa macho kile kitenge cha kijani nimfungie.

"Nilikuya kumubeba," Kaku akaendelea, akimtazama mwanawe. "Lakini sitaondoa mutoto pa fasi yenye alikulia. Atabaki na bandugu yake. Minye njo nitakuwa nakuya kumuona."

Floribert hakuwa amesema neno lolote la maana ndani ya nyumba yangu tangu ulipoondoka. Akasogea, akachutama mbele ya Jojo, akamfuta uji kidevuni kwa kidole gumba.

"Na minye pia," akasema.

Ametimiza. Kila mwisho wa juma anakuja, na Kaku anakuja akitaka, bila kuuliza, na jiko linakuwa lake.

Jumapili iliyopita tulisomesha misa ya kukukumbuka, miaka miwili tangu ulipoondoka. Baada ya misa watu walikuja nyumbani, wa kwetu na wa Kambove, na nilipika kuanzia asubuhi. Nilidhani tutalia. Tuliketi, sahani zikaenda, na nikaona Floribert amekaa peke yake na chakula chake mbele, hajakigusa. Jojo alikuwa anazunguka na sahani yake kama mwenye nyumba. Akasimama mbele ya baba yake, akaitazama sahani iliyojaa, akamtazama yeye. Akamega bukari kwa vidole vyake vidogo, akachovya kwenye sombe, akainua mkono hadi mdomoni mwa Floribert na kusema, "Papa, kula."

Floribert akafungua mdomo. Jojo akamega tena, akamlisha, na tena, hakumwachia mpaka sahani ikawa nyeupe.

Pumzika kwa raha, Yaya. Tumeshiba.

Ni mimi mdogo wako,
mama yao Elie na Jojo