Mshono wa Gunia la Mlonge

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa, hujalala, na mgongo umekupumzisha kidogo. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio sijui nikuelezeje. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kaka Kassimu ameniambia simu hutaki tena kuigusa tangu Baba atutoke, kwa vile sauti yake imo humo. Nimekuelewa. Barua hii anakuletea Bi Asha, yule mwenzangu wa Moa tunayelala naye chumba kimoja, amemaliza mkataba anarudi kwao. Wifi Zuhura atakusomea. Zuhura, soma polepole, na ukifika pa kumgombeza usiparuke.

Mama, siku Kassimu aliponipigia nilikuwa kwenye mashine ya biti, ile mboga ya mviringo yenye wekundu wa damu. Hapa kiwandani tunaiosha, tunaimenya, tunaikata vipande vyembamba, tunaipanga kwenye trei, na trei zinaingia kwenye tanuri la moto mdogo mpaka vipande vinyauke vivunjike kwa vidole. Kisha vinasagwa, vinachekechwa, vinakuwa unga wa kutia kwenye makopo. Siku hiyo glovu zangu zilikuwa zimechanika. Kassimu alivyosema "Baba hatunaye," nilitazama mikono, nikaiona myekundu mpaka kwenye kucha, mikono ya bi harusi. Msiba wa babangu nimeulilia na hina. Nikasugua kwa ndimu, nikasugua kwa sabuni ya unga, haikutoka. Wenzangu wakija kunipa pole wananishika mkono, nami naona haya nauficha ndani ya mtandio.

Ruhusa niliomba. Msimamizi, Mhindi mmoja si mtu mbaya, akasema tiketi mpaka mkataba uishe. Na hata ningeruka siku ile ile, nyinyi mlishamzika kabla ya alasiri. Najua sisi wanawake hatuendi makaburini. Lakini ningekuwa mle ndani na wewe, ningemwona uso kabla hajafunikwa, ningemwomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma, na litaniuma.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikamate kalamu. Kassimu ananiambia huli. Anasema Zuhura akikuwekea wali na samaki unausogeza pembeni, dawa za presha umezitia kwenye mkoba umezifunga, na kutwa kucha unakunywa maji ya unga wa mlonge tu, ule uliobaki kwenye debe la Baba. Wakikusema unawajibu, "Huu wa marehemu unanitosha. Na huko Uarabuni si ndio dawa wanayoitengeneza mwanangu?"

Mama, mimi ndiye mwanao, na unga huo ndio kazi yangu, kwa hiyo nisikilize mimi. Mlonge ni mboga. Ni mboga njema, nani asiyejua. Una chuma cha kuongeza damu, una vitamini, na mtu asiyepata majani mabichi akiutia kijiko kwenye uji unamsaidia. Lakini ni mboga iliyotolewa maji, basi. Hauwi wali. Hauwi samaki. Na hauwi kidonge cha presha. Tena nesi aliyekuja kutupima hapa alituambia mlonge wenyewe unaweza kuishusha presha, kwa hiyo mwenye kutumia dawa amwambie daktari wake asichanganye kienyeji. Wewe umeacha dawa, umeacha chakula, umekamata mboga peke yake. Hayo makopo tunayoyabandika karatasi za sifa, za nguvu, za ngozi, za ujana, sisi tunaoyajaza, mchana tunakula wali na dengu. Kama unga ungekuwa unatosha, mimi ninayeuvuta kwa pua tangu nimefika hapa ningekuwa na nguvu za fahali.

Unakumbuka Baba alivyocheka nilipomweleza kazi yangu? "Yaani mboga wanaiponda, wanaitia koponi, wanamuuzia mtu? Kwani hao hawana sufuria?" Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaanza kunihoji: mnakausha wapi, juani au kivulini? Nikamwambia tanurini, moto mdogo. Akasema, "Hapo sawa. Jani la mlonge likionja jua limekwisha." Wenzake pale kwetu Kigombe walikuwa wakianika kando ya barabara jani likageuka rangi ya tumbaku. Yeye alianika juu ya uchaga, chumba cha uani, dirisha wazi na jua haliingii, na sisi watoto tukikatazwa kupiga chafya mle.

Nakukumbusha kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu, hata Kassimu.

Juzi nimehamishiwa kwenye majani makavu. Magunia yanatoka India, yanatoka Kenya, na safari hii yamekuja ya kwetu. Yule mfanyabiashara wa Muheza aliyekuwa akikusanya kwa Baba na wenzake, kumbe mzigo wake mwingine unaishia huku. Kazi yangu ni kufungua gunia, kumwaga kwenye meza, kuchambua vijiti, kisha majani yanakwenda kwenye kinu. Magunia ya kushonwa kwa mkono tunayakata kwa kisu. Nikakamata kisu, nikakamata mdomo wa gunia, nikaona katani. Si uzi wa dukani, Mama. Katani iliyosokotwa pajani. Na mshono umeanzia upande usio wake, kama anavyoshona mtu wa mkono wa kushoto, mwishoni fundo lenye masikio mawili yamefutikwa ndani.

Nilikaa chini. Nikasema kimoyomoyo labda kuna mwingine. Lakini nani mwingine Tanga nzima aliyefanya kazi ya mkonge ujana wake, akawa na shoto, na akafutika masikio ya fundo ili yasimkwaruze mpagazi?

Nikasema, "Shikamoo, Baba."

Msimamizi akauliza nimesema nini, mbona sikati. Nikaweka kisu. Baba alinifundisha nikiwa mdogo, mshono wake haukatwi. Ukijua ncha ya kuvuta, unafunguka wote kwa mkupuo mmoja. Nikatafuta ncha upande wa kulia, nikavuta. Ukaja wote, haukukwama hata mara moja. Na majani yalikuwa mabichi kwa rangi, Mama, kijani kile kile, na harufu ya chumba cha uani ikanijia puani mimi niko Maskati.

Nilitamani nibakize hata ukufi mmoja wa kiganja. Hairuhusiwi kutoka na kitu, tunakaguliwa. Nikayachambua taratibu kuliko siku zote, sikuacha kijiti. Kisha nikayasukuma mwenyewe kwenye kinu. Wewe ulimwona akivikwa sanda kwa macho yako. Kassimu alimtupia udongo. Mimi mazishi yangu yalikuwa hayo. Kinu kilipozimwa nikapangusa uso, ulikuwa kijani.

Uzi msimamizi aliuona mkononi mwangu, akageuza shingo. Umo ndani ya bahasha hii. Nilitaka tugawane, wewe nusu mimi nusu, ila nilipochukua mkasi mkono ulikataa. Kwa hiyo ni wako wote. Ufunge lile debe la mlonge, ulifunge kabisa, uliweke pale kabatini. Akitaka mtu kumkumbuka Baba, atakumbuka hapo. Ukitaka mlonge wa kula, Zuhura auchume mbichi nyuma ya nyumba, aupike kwa nazi, ule na wali. Baba mwenyewe ndivyo alivyoula. Ule wa debe ulikuwa wa kuuza.

Nisalimie kaka Kassimu, mwambie asimwachie Zuhura mizigo yote. Nisalimie Zuhura kwa subira yake, na shangazi anayekaa na wewe kwenye eda, na maalimu aliyemsomea Baba, na jirani yetu anayekuletea maji. Watoto wabusu kwa ajili yangu.

Mama, gunia lile nililiamkia na hakuna aliyeniitikia. Tangu siku hiyo nikimwamkia mtu mzima hapa, nasubiri kwa hofu mpaka ajibu. Mzazi wa kumwamkia nimebakiwa na mmoja. Fungua mkoba, utoe dawa. Mwambie Zuhura apakue. Ukishakula, ile simu unayoiogopa ichukue mara moja tu, unitumie neno moja.

Shikamoo, Mama. Niitikie.

Mwanao wa pekee wa kike,
Mwanahamisi