Magoti ya Namba Tisa

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Akumu amepiga simu nikiwa shambani, kikapu cha majani chai mgongoni. Akumu! Kipa wetu wa timu ya taifa ya wanawake, enzi zile za mwanzo watu walipokuwa wakija uwanjani kutucheka na kurudi nyumbani kimya. Jumapili kuna mechi ya wakongwe hapa Itumbe, Kisii na Nyamira. Yeye atadakia Kisii. Mimi ananitaka mbele, namba tisa wa Nyamira. Nikamwambia nakaribia hamsini na goti moja ni bovu. Akasema kwani unapiga kwa magoti mawili? Mtu huyu! Nimecheka mpaka majani yakamwagika.

Jumatano, 6 Agosti
Usingizi hauji kwa furaha. Lakini kuna Mzee Angwenyi, baba yake Momanyi, mume wangu. Boma lake na uwanja ni ua tu katikati.

Nilitundika viatu mwaka nilioolewa. Si kwamba mzee alikataa — hakusema neno. Lakini chinsoni, ile heshima yetu ya wakwe, ni chinsoni. Baba mkwe hanipi mkono, haingii nyumbani mwangu, sembuse kuniona nakimbia na bukta! Nikaacha mwenyewe, mwaka ule ule niliofunga kwa kichwa ugenini. Iliniuma. Bado inauma.

Momanyi anashauri nivae trakisuti. Straika na trakisuti! Basi nivae na gambuti kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti
Sabato. Tumetoka kanisani, kumbe Damaris, kitindamimba wangu, amekwisha kumwaga mtama kwa babu yake. Hao wawili hutaniana bila breki, babu humwita "mke wangu". Nikataka kumchapa. Akasema, mathe, tulia. Babu anajua lile goli la kichwa! Alisimuliwa na watu kituo cha kuuzia chai, akawaambia warudie, tena warudie. Amesema mama yako acheze, yeye hahami boma kwa ajili ya bukta.

Nimeingia jikoni nikalia. Machozi ya raha, lakini ni machozi.

Jumapili, 10 Agosti
Naandika darasani, katika shule ya kando ya uwanja. Nje mvua ya mawe, refa amesimamisha mechi. Daftari liko kwenye begi la viatu, kama siku za kambi. Haraka haraka!

Mzee alikuja! Kofia ya kanisani, fimbo, kigoda chake. Akakiweka nyuma ya goli la Akumu, akakaa — akatupa kisogo! Uso kwenye migomba. Damaris kando yake anamtangazia kwa sauti: Babu, mathe amechenga mmoja! Amechenga wa pili! Ameanguka! Watu mbavu hawana. Mzee naye anapiga fimbo chini, hageuki.

Nikavua ile trakisuti ya Momanyi palepale. Bukta, baada ya miaka yote hiyo! Upepo magotini. Nilipiga kelele kama mtoto.

Ni sare, moja-moja, na la kwetu si langu. Halafu nikakatwa ngwala ndani ya boksi. Penalti! Watu wakanishangilia: Mokeira! Mokeira! Nimeweka mpira, Akumu ananitolea ulimi — mawe yakashuka. Wote mbio huku. Mzee yuko barazani, ametazama ukuta.

Damaris ameingia sasa hivi. Hacheki, na hiyo si kawaida yake. Babu anauliza: mvua ikiisha, ile penalti — anaweza kugeuka?

Momanyi amekohoa. Akumu anavaa glavu zake.

Nimeangalia miguu yangu. Matope mekundu, kutoka kidole mpaka paja. Magoti hata mimi mwenyewe siyaoni, sembuse mzee.

Mawe yamepungua. Refa anapuliza filimbi. Damaris amesimama mlangoni, anangoja jibu.