Pakiti ya Thelathini na Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Anajulikana zaidi kwa jina la Mama Sindano.
Umri: Miaka 52.
Kazi: Fundi wa kushona magodoro na matandiko ya watoto wachanga.
Makazi: Nyumba za nyuma ya kiwanda cha zamani cha sabuni, chumba namba 6.
Tarehe na saa ya kuandikwa: Tarehe 18, saa tisa na nusu alasiri.

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikukamatwa na mtu. Afande ameniahidi kuandika nisemavyo, bila kunipamba. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nitasema yote, na namwomba aandike haraka.

Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Karakanani tuko wawili: mimi na mwenye karakana, ambaye namwita Bosi. Tunatumia pamba asilia peke yake. Haikupuliziwa dawa shambani, haikupaushwa wala kutiwa rangi. Tunaichambua kwa mikono, maana wateja wetu hawataki kusikia habari za mashine. Kila godoro nalishonea lebo kwenye kona ya kushoto: "Pamba asilia. Haina dawa." Maneno ni ya Bosi, mkono ni wangu.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa mbili asubuhi, tulipokea magunia saba ya pamba kutoka ghala lililoihifadhi tangu mavuno. Nilipofungua gunia la kwanza nikakuta pakiti ndogo, kila moja ukubwa wa kifungo cha koti, imefungwa kwa karatasi ya nta. Bosi akampigia simu mtunza ghala. Akajibiwa kwamba ni dawa ya wadudu, kila gunia limewekwa tano, tuzitoe na tuzihifadhi atakuja kuzichukua. Mzee wa watu aliziweka kwa nia njema. Kwake yeye pamba ni pamba.

Nilimwambia Bosi turudishe magunia yote. Akasema, "Toa hizo pakiti, anika pamba siku mbili. Harufu ikiisha, dawa imeisha." Na mimi nikaona sawa. Sisi mafundi wa pamba ndivyo tulivyolelewa, jua kwetu ni dawa ya kila kitu: ukungu jua, viroboto jua, harufu ya panya jua. Hakuna aliyeuliza ile dawa inafanyaje kazi.

Magunia sita yalitoa pakiti tano tano. Gunia la saba lilitoa nne. Nilikung'uta gunia, nikaligeuza ndani nje, nikapapasa pamba yake hadi vidole vikafa ganzi. Nne. Nikamwita Bosi. Alisema, "Mama Sindano, usinitafutie balaa. Mtu kahesabu vibaya huko ghalani, basi." Nikanyamaza. Kosa langu liko hapo, afande, liandike kwa wino mzito. Ulimi huu unaogombana na jirani kwa sababu ya kamba ya nguo ulishindwa kugombana na Bosi.

Tarehe 6 nilishona magodoro sita kutokana na gunia lile la saba. Siku hiyo uzi mweupe ulikuwa umeniishia, nikashonea lebo zake kwa uzi mwekundu. Bosi alinitania kwamba nimeanza kuvalisha magodoro lipstiki. Magodoro mengine yote ya mwezi huu yana uzi mweupe, na hayo hayana shida.

Mtoto wa marehemu dada yangu alijifungua tarehe 7, mtoto wa kiume. Nimemlea tangu akiwa darasa la pili, ananiita mamdogo. Kabla hajajifungua alipenda godoro moja la sponji lenye picha za twiga. Nilimzuia mimi. Nilimwambia, "Mwanangu, hiyo sponji imejaa makemikali. Mjukuu wangu atalala kwenye pamba niliyoishika mwenyewe." Akacheka, akasema, "Haya mamdogo, wewe ndiye mtaalamu." Tarehe 9 nilimpelekea moja ya yale sita. Nililitandika kwa mikono yangu, nikamlaza mtoto juu yake.

Leo tarehe 18, saa nne asubuhi, mtunza ghala alikuja kuchukua pakiti zake. Alizihesabu juu ya meza yangu ya kukatia. Alihesabu mara ya kwanza, akahesabu mara ya pili, kisha akavua miwani. Akauliza, "Ya thelathini na tano iko wapi?" Bosi akasema ni thelathini na nne tu alizoleta. Mzee akasema, "Mimi niliziweka kwa mkono wangu, moja kila pembe na moja katikati. Hii karatasi ya nta ikipata unyevu inalainika, dawa inatoa hewa. Mle ghalani mbuzi aliingia akatafuna moja. Hakufika mlangoni."

Nikamuuliza, "Unyevu kiasi gani?" Akasema, "Kidogo tu, mama. Hata jasho."

Afande, mtoto wa siku kumi na moja kazi yake ni nini kama si kulowesha godoro? Niliondoka na mkasi mkononi, nimevaa aproni, bila viatu. Kutoka karakanani hadi kwa mwanangu ni dakika ishirini kwa mtu wa umri wangu. Leo sijui zilikuwa ngapi. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu: asiwe amelala, Mungu wangu, asiwe amelala.

Nilifika nikamkuta mzazi anafua uani. Akasema, "Mamdogo, taratibu, ndiyo kwanza amelala." Nilimpita. Mtoto alikuwa kitandani mwake, kichwa kimegeukia ukutani, kimya. Shuka lilikuwa bichi. Nikamnyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayenyakua nguo kwenye mvua. Akalia. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Nilimkabidhi kwa mama yake nikawaambia watoke nje, kisha nikafungua dirisha na kulichana godoro. Nilipitisha pamba yote kati ya vidole vyangu, donge kwa donge, hadi chumba kikawa cheupe. Hamkuwa na pakiti. Nilirudia. Hamkuwa na kitu. Wanasema majuto ni mjukuu, nami wangu alikuwa analia pale uani, mzima.

Mwanangu aliniuliza mlangoni, "Mamdogo, si ulisema halina dawa?" Nilisema, ndiyo, nilisema.

Nilikaa sakafuni nikashukuru. Ndipo akili ikanirudia kwamba kama haimo humu, imo kwenye moja ya yale matano.

Nilirudi karakanani saa sita kasoro robo. Moja lilikuwa bado kwenye rafu, tukalifungua na mtunza ghala: safi. Mawili alichukua mama wa mapacha, namba yake imo kwenye daftari la oda. Tulimpigia, tukaenda, tukayachana mbele yake huku anatutukana, na ana haki: yote safi. La tano lilikuwa kwa mwanamke anayelea watoto wa wafanyakazi kwake, mtaa wa pili. Nalo lilikuwa safi. Mtunza ghala aliniambia, "Shukuru, mama." Mimi kila godoro lililotoka safi lilinizidishia hofu, kwa sababu hesabu ni moja tu. Matano hayana kitu. Limebaki moja.

La sita nililiuza mimi mwenyewe tarehe 13, saa saba mchana, Bosi akiwa amekwenda kula. Mnunuzi hakuwa na oda, alikuwa anapita tu, hivyo daftarini hayumo. Ni mwanamke wa miaka kama ishirini na tano, mfupi, tumbo limeshuka, mimba ya siku za mwisho. Alivaa gauni la buluu lenye vifungo mbele, na kandambili, maana miguu ilikuwa imemvimba. Shavu la kulia ana kovu dogo. Alisema ni uzazi wake wa kwanza baada ya kupoteza mmoja. Ndiyo sababu alikuwa anachagua taratibu sana, alinusa godoro, akasoma lebo kwa kidole. Aliniuliza mara tatu, "Mama, hili ni salama kweli?"

Nilimwambia, "Mlaze mwanao bila wasiwasi."

Bosi hataki nitangaze. Anasema nitamfungia karakana. Ifungwe. Naomba polisi watangaze sasa hivi, kwenye redio, zahanati na wodi za wazazi: godoro la mtoto, lebo ya pamba asilia kona ya kushoto, uzi mwekundu. Asilifungue mwenyewe. Amtoe mtoto, afungue madirisha, alitupe uani. Yule mama atakuwa ameshajifungua.

Haya ndiyo niliyonayo kifuani. Nimeyatoa kwa hiari yangu, na adhabu yoyote ije baadaye, kwanza apatikane yule mama.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, akayakubali na kusaini saa kumi na dakika tano jioni. Tangazo limepelekwa redioni na kwenye zahanati zote za jirani saa kumi na robo. Askari wawili wametumwa karakanani. Shahidi ameelezwa kuwa kwa sasa yuko huru kwenda nyumbani, hakwenda. Amekaa kwenye benchi la mapokezi, bado hana viatu. Simu ya kituo ikiita anasimama, akisikia ni jambo lingine anakaa. Hadi nafunga ukurasa huu, saa kumi na moja kamili, amesimama mara saba.