Tulipobanwa Kwenye Lango la Uwanja Mpya

Johannesburg, Agosti 2017

Baba Asha mpenzi,

Baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno, lakini mwenzio mzima, namshukuru Mungu.

Jumamosi Kaka Hamisi alitupeleka, mimi na bintiye Rehema wa miaka sita, kwenye uwanja mpya wa timu yake. Ule wa zamani ulivunjwa, huu umejengwa palepale. Ni mkubwa ajabu, na tiketi zinasomwa na mashine langoni. Mashine zikagoma. Watu wakazidi kuja nyuma yetu, Kaka akasukumwa mbali, nami nikabanwa na mtoto kifuani mpaka miguu ikaacha kugusa chini. Rehema akaninong'oneza, "Shangazi, sipumui."

Kaka alikuwa amenionya nisipaze sauti kwa Kiswahili kwenye umati, maana wageni wanapigwa. Niliogopa, wallahi. Lakini nikapiga kelele: "Jamani, mtoto! Mtoto anakufa!"

Wanaume wa mbele wakageuka. Nikajua nimekwisha. Mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya timu, akaninyooshea mikono. "Mama," akasema, na hilo ndilo neno pekee nililolielewa. Nikampa. Wakampitisha Rehema juu ya vichwa, mkono kwa mkono, mpaka ndani.

Umati ulipolegea nilimkuta ndani kwa mlinzi wa kike, analia; Kaka naye akatufikia salama. Mechi hatukuitazama. Kila watu waliposhangilia, mimi na Rehema tulishtuka tukashikana.

Wakumbatie watoto, mume wangu, uwakumbatie kwa nguvu. Natamani sauti zenu.

Wako,
Mama Asha